Nani Ataibeba Tiba ya Muziki Mkoani Mara?

Mkoa wa Mara haujapungukiwa muziki. Litungu la Wakurya lenye nyuzi nane bado linapigwa kwenye sherehe, Wajaluo wa Rorya wana nyatiti yao, na tangu Wamennonite walipoingia Shirati mwaka 1934, huku Wakatoliki na Wasabato nao wakijenga misheni zao, imekuwa vigumu kupata kijiji kati ya Musoma, Bunda na Butiama kisicho na kwaya yenye sare, mwalimu na ratiba ya mazoezi. Kilichopungua ni kingine. Mtoto mwenye usonji, mzee aliyepooza upande mmoja akapoteza na kauli, binti aliyekimbia ukeketaji usiku bila hata kanga ya kubadilisha: watu wa namna hii, kwingineko duniani, hupata pamoja na dawa na ushauri nasaha huduma ya mtu aliyesomea kutumia muziki kama tiba. Katika hospitali zetu ni nadra sana kumkuta mtu huyo. Swali la makala hii ni nani atakayemleta, na jibu langu linaweza kuwashangaza wanaosubiri bajeti ya serikali au barua ya mfadhili. Fani changa kama hii hubebwa kwanza na wenye fani wachache wanaokubali kuendesha chama cha hisani bila mshahara. Jinsi watakavyokiendesha ndiyo itakayoamua kama fani itasimama au itabaki semina ya siku mbili yenye vyeti na picha za pamoja.

Wengi wakisikia tiba ya muziki hudhani ni kumwekea mgonjwa redio kando ya kitanda. Hata redio ina faida yake. Utafiti uliofanyika Helsinki na kuchapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia wagonjwa 60 wa kiharusi, ukaonyesha kwamba waliosikiliza kila siku muziki wanaoupenda, kwa miezi miwili, walirudisha kumbukumbu ya maneno na umakini vizuri kuliko waliosikiliza vitabu vikisomwa au waliokaa bila kimojawapo. Lakini huko ni kusikiliza tu. Mtaalamu wa tiba ya muziki humpima mgonjwa, huweka lengo, hupiga ala na kuimba pamoja naye, huandika kilichobadilika wiki hadi wiki, na hujua wakati wa kunyamaza. Madaktari walitambua zamani kwamba mtu ambaye kiharusi kimemfanya ashindwe kutamka neno "maji" anaweza wakati mwingine kuliimba neno hilohilo, kwa kuwa kuimba hutegemea pia sehemu za ubongo ambazo ugonjwa haukuzigusa. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walieleza mbinu iliyojengwa juu ya jambo hilo: mgonjwa hufundishwa sentensi fupi kwa mahadhi, akigonga mkono mezani, kisha mahadhi hupunguzwa kidogo kidogo mpaka wimbo uwe usemi. Kwa wenye sonona, jaribio la Finland lililochapishwa mwaka 2011, lenye washiriki 79, liligundua kwamba waliopewa vipindi 20 vya kupiga ala pamoja na mtaalamu, juu ya matibabu ya kawaida, walikuwa na nafuu kubwa zaidi baada ya miezi mitatu kuliko waliopata matibabu ya kawaida peke yake.

Mfano ulio karibu nasi zaidi hauko Ulaya. Uko Bukavu, mashariki mwa Kongo, katika Hospitali ya Panzi ya Dkt. Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018. Huko, kwa ushirikiano na shirika la Canada liitwalo Make Music Matter, wanawake walionusurika ukatili wa kingono hukaa na mtaalamu wa saikolojia upande mmoja na mtayarishaji wa muziki upande mwingine, wakatunga nyimbo za yaliyowapata na kuzirekodi studio. Mpango huo ulipopelekwa Mulamba, kijijini Kivu Kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba dalili za wasiwasi, sonona na kiwewe zilipungua kwa wanawake walioshiriki. Mwenye shahada ya tiba ya muziki anaweza kubisha kwamba kazi ya Panzi si tiba ya muziki kamili, kwa sababu anayeongoza muziki pale ni mtayarishaji na anayetibu ni mwanasaikolojia. Ubishi huo si wa kupuuzwa, na nitaurudia, kwa sababu ndani yake ndimo inamoonekana kazi ya chama.

Mara ina sababu zake za kuitazama Bukavu kwa makini. Takwimu za kitaifa za afya za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa mkoa huu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, ikilinganishwa na asilimia 8 kwa nchi nzima. Miaka saba kabla ya hapo ilikuwa asilimia 32, kwa hiyo kuna hatua, ila ni hatua ya polepole. Shirika la Hope for Girls and Women Tanzania, linaloongozwa na Rhobi Samwelly, lina nyumba salama Mugumu na Butiama zinazowapokea mabinti wanaokimbia kisu, hasa msimu wa Desemba. Mabinti hao huimba. Kila mahali wanapokusanywa wasichana kwa wiki kadhaa nyimbo huzaliwa zenyewe, na kambi za Tarime za kumaliza ukeketaji zimefanya nyimbo na ngoma kuwa sehemu ya sherehe mbadala za kuingia utu uzima. Lakini wimbo wa sherehe una kazi moja, na wimbo wa kumsaidia msichana asiyelala usiku una kazi nyingine, ambayo ikifanywa vibaya inaweza kumfumua kidonda asipokuwepo mtu wa kukifunga. Mjini Musoma ipo Shule ya Msingi Mwisenge, ile aliyoanza Nyerere mwaka 1934, ambayo hupokea pia wanafunzi wenye ulemavu wa macho. Mwalimu wa muziki katika shule ya aina hiyo anaweza kufanya mengi. Anayeweza kumwambia kipi ni somo la muziki na kipi ni tiba, na wapi mpaka wake, hayupo karibu.

Hayupo kwa sababu muziki nchini mwetu uliwekwa kwenye dawati lisilo la afya. Mzaliwa wa Butiama alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, aliitoa ngoma kwenye dharau ya mkoloni na kuipa heshima ya taifa. Ilikuwa kazi kubwa, na sidhani kama kuna wa kuibeza. Ila heshima hiyo ilikuja na anwani: tangu hapo muziki ni utamaduni, na tangu mwaka 1984 msanii ni mtu wa Baraza la Sanaa la Taifa. Mganga anayetibu kwa ngoma akapata anwani yake mwaka 2002, ilipopitishwa sheria iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Wataalamu wa viungo na wa tiba kwa kazi, wanaofundishwa KCMC Moshi, wanazo anwani zao Wizara ya Afya. Anayetumia mdundo wa ngoma kumfundisha mgonjwa wa kiharusi kutembea hana pa kugonga. Akienda kwa wasanii ataambiwa yeye ni mtu wa hospitali. Akienda hospitalini ataulizwa cheti cha baraza gani. Afisa mmoja mmoja, hata awe na nia njema kiasi gani, hawezi kumfungulia faili mtu asiye na jina la kazi. Faili hufunguliwa na kikundi kinachoandika barua ileile mara nne, kikahudhuria vikao ambavyo hakikualikwa vizuri, na kikabaki hapohapo afisa anapohamishwa.

Uingereza inatupa ratiba ya jambo hili kwa tarehe. Mwaka 1958 mpiga selo Juliette Alvin alianzisha chama cha tiba ya muziki, wakati kazi hiyo haikuwa na kozi, haikuwa na usajili, na ilionekana na madaktari wengi kuwa burudani ya wagonjwa. Kozi ilifuata mwaka 1968 katika chuo cha Guildhall, London. Mwaka 1976 wataalamu wakaunda chama chao cha kitaaluma kando ya kile cha hisani. Usajili wa kisheria ukapatikana mwaka 1997, na mwaka 2011 vyama vile viwili vikaungana kuwa taasisi moja ya hisani, British Association for Music Therapy. Tangu chama cha kwanza hadi sheria ni miaka 39, na katika miaka hiyo yote kuna watu waliomaliza zamu wodini kisha wakaandika mihtasari ya vikao jioni. Hata sasa wadhamini wa taasisi za hisani Uingereza kwa kawaida hawalipwi. Shirikisho la dunia la fani hii, lililoanzishwa Genoa, Italia, mwaka 1985, nalo huongozwa na watu wanaojitolea, wengi wao wakiwa na ajira zao za kliniki au vyuoni.

Kuna nchi ambayo mlolongo haukuwa huo, na si haki kuificha. Marekani ilianza na chuo: Michigan mwaka 1944, na chama cha kitaifa kikafuata mwaka 1950. Lakini tazama kilichokuwapo kabla ya chuo. Kulikuwa na hospitali za serikali zilizojaa askari waliorudi vitani, wanamuziki waliokwishakwenda huko kupiga bure, na madaktari walioona matokeo wakataka watu waliofundishwa. Mwajiri alikuwapo tayari mlangoni. Afrika Kusini nayo ilipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pretoria mwaka 1999, lakini wahitimu walipotoka hawakukuta nafasi zikiwangoja mitaani ambako shida ilikuwa kubwa zaidi, na mwaka 2003 baadhi yao wakaanzisha Cape Town kliniki ya jamii ya hisani ili huduma iwafikie watoto wa vitongoji. Kwa hiyo sitasema kwamba chama lazima kitangulie chuo kila mahali. Ninasema kwamba pasipo mwajiri anayesubiri, chuo peke yake huzalisha wahitimu watakaorudi kufundisha piano binafsi. Tanzania ina Makumira kule Arusha wanakofundisha muziki, ina TaSUBa Bagamoyo, ina chuo cha muziki cha nchi za jahazi Zanzibar. Ina wanamuziki waliosoma. Haina mwajiri wa kazi hii.

Yupo atakayesema kizuri chajiuza: tiba hii ingekuwa na maana, watu wangeilipia bila chama cha kuitembeza. Methali hiyo ni ya sokoni na sokoni ni ya kweli. Lakini mnunuzi wa huduma hii ni nani? Ni mtoto asiyesema, ni mzee asiyeweza kutamka jina lake, ni binti asiye na nauli ya kurudi kwao wala kwao pa kurudi. Kwa wateja wa aina hii kitu kizuri hakijiuzi kamwe, ndiyo maana chanjo hatukuiachia ijiuze.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema haya tunayo tangu zamani. Wana haki. Mwanaanthropolojia John Janzen, aliyefanya sehemu ya utafiti wake Dar es Salaam, aliandika kitabu kizima mwaka 1992 kuonyesha kwamba kuanzia Kongo hadi Rasi ngoma ni taasisi ya uponyaji. Lakini hoja hiyo ikitazamwa vizuri inaunga mkono chama. Watazame Waswezi wa Unyamwezi na Usukuma, majirani wa Bunda, ambao Hans Cory aliandika habari zao mwaka 1955. Hao walikuwa chama kwa kila maana: walikuwa na kuingizwa, ada, ngazi, wakubwa na wadogo, na mambo ambayo asiyeingizwa hakuruhusiwa kuyagusa. Mtu hakuamka asubuhi akajitangaza mponyaji kwa kuwa anajua kupiga ngoma. Wazo kwamba kila mwenye gitaa na moyo mwema anaweza kuingia wodini akatibu ni geni kwetu kuliko tiba ya muziki yenyewe. Na hapa ndipo ubishi wa Panzi unapopata kazi yake. Mtayarishaji wa muziki, mwalimu wa kwaya, muuguzi na mganga wote wana sehemu, ila lazima awepo anayesema sehemu hizo zinakutania wapi, nani yuko chini ya uangalizi wa nani, na mgonjwa akidhuriwa malalamiko yapelekwe wapi. Kigali, Musicians Without Borders walipofanya kazi na kliniki ya WE-ACTx kwa vijana wanaoishi na VVU, waliwafundisha vijana wenyewe kuongoza vipindi vya muziki vya jamii. Ni ngazi ya chini ya tiba, na ni ngazi halali, mradi ijulikane kuwa ni ngazi hiyo.

Kuhusu ushahidi, mwenye shaka anaweza kunishika hapa. Jaribio kubwa la watoto wenye usonji, lililochapishwa mwaka 2017 likiwa na watoto 364 kutoka nchi 9, halikupata tofauti ya maana katika ukali wa dalili za kijamii kati ya waliopata tiba ya muziki na waliopata huduma ya kawaida. Mapitio ya mwaka 2022 yaliyokusanya tafiti 26 na washiriki 1,165 yalikuwa na habari njema zaidi: hali ya jumla na ubora wa maisha viliboreka, ingawa upande wa mawasiliano ushahidi ulibaki hafifu. Chama cha kupiga debe kitataja mapitio na kulificha jaribio. Taasisi ya hisani yenye wadhamini makini itaweka yote mawili mezani mbele ya mzazi wa Bunda kabla hajauza mbuzi wake kwa ajili ya vipindi. Huo ndio uaminifu ambao mtu anayeuza huduma yake mwenyewe, akiwa peke yake, anapata shida kuutunza.

Hapo tumegusa mgongano ambao kwa maoni yangu ndio mgumu kuliko yote. Taasisi ya hisani ipo kwa faida ya umma. Chama cha taaluma kipo kwa faida ya wanataaluma. Kinachotaka kuwa vyote viwili kitavutwa huku na huku. Kikiweka ada ya juu kwa kipindi, nani anafaidika? Kikizuia walimu wa kwaya kuongoza vipindi, kinamlinda mgonjwa au kinalinda mkate? Waingereza waliishi na vyama viwili kwa miaka 35 kabla ya kuviunganisha, na sheria yao ya hisani bado inamtaka mdhamini aonyeshe faida ya umma. Kwetu, ningependa chama cha Mara kianze upande wa hisani, na kwenye bodi yake kiwe na watu wasio wa fani: muuguzi wa afya ya akili, mzazi wa mtoto mwenye ulemavu, mwalimu wa elimu maalumu. Wanamuziki wakibaki peke yao watazungumza habari za ala. Hili si tusi. Madaktari wakibaki peke yao huzungumza habari za posho.

Limebaki lile la kujitolea kwenyewe. Vijana wetu wamelichoka neno hili, na wana sababu, maana limetumiwa na wengi kuficha ajira isiyolipwa. Hata hivyo kazi ya kujitolea huku Mara haikuwa bure hata zamani. Wakurya na jirani zao wana risaga: watu hukusanyika kulima shamba la mmoja, naye huwapikia na kuwatengenezea pombe, na zamu yake ikifika jembe lake lazima lionekane shambani kwa wenzake. Asiyerudisha hukumbukwa. Chama kinachodai jioni za watu kwa miaka bila kurudisha chochote kimevunja kanuni ambayo wazee wasingeivumilia. Kwa hiyo katiba iseme mapema: uongozi una muhula, mfano miaka mitatu, nauli na simu hulipwa na chama, saa za kujitolea huandikwa kwenye daftari kama fedha zinavyoandikwa, ili siku mfadhili akija aone mchango wa wenyeji ni mkubwa kiasi gani, na kazi ya kumhudumia mgonjwa isichanganywe na kazi ya kuendesha chama. Ya kwanza ilipwe haraka iwezekanavyo, hata kidogo. Ya pili ndiyo yenye sababu ya kubaki ya hiari, kwa kuwa mdhamini asiyelipwa ana ujasiri wa kusema hapana. Fani ndogo ina hatari ya kumla mtu mmoja: huyohuyo anatibu, anafundisha, ni katibu, ni mweka hazina, na akiugua kila kitu kinalala.

Ujuzi wa kuendesha mambo haya upo, na haupo kwa wataalamu. Upo kwenye kwaya. Kwaya ya parokia yenye miaka 20 imeshachagua wenyeviti, imeshasimamisha mweka hazina, imeshagombana juu ya sare na kupatana, imeshasafirisha watu 40 kwenda tamasha na kurudi na mahesabu. Watu walewale ndio wanaoweza kuwa nguzo za chama, wakipata mmoja au wawili waliosomea tiba, hata kama hao watatoka Nairobi au Pretoria kwa muda. Sheria nayo haizuii: Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inaruhusu kusajiliwa katika ngazi ya wilaya au mkoa, kwa hiyo hakuna haja ya kuanza na jina lenye neno "Taifa" na ofisi Dodoma.

Mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2.3 hautahudumiwa na kikundi cha watu saba, na kikundi hicho kisijidai. Mwaka wa kwanza kiwe na wodi moja Musoma, shule moja na nyumba salama moja Butiama, kila mahali kwa kibali cha maandishi, na ripoti ya kurasa chache inayosema pia nani hakupata nafuu. Mwaka wa pili kiipeleke ripoti hiyo Wizara ya Afya na kwa vyuo vya muziki. Na fedha ya kwanza itakayopatikana, kabla ya ngoma mpya na kabla ya bango, ilipe nauli ya katibu atakayekuwa anatoka Bunda.